Baba Mdogo Darasani: Heshima na Swali Lisiloulizwa

Mgeni afikaye Nairobi na kupanda matatu ya kwenda Baba Dogo hulipokea jina la mtaa huo kama jina lingine lolote. Mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kulisikia bila kutega sikio. Vyovyote jina hilo lilivyopatikana, linamkumbusha ndugu mdogo wa baba mzazi, ambaye Waswahili humwita baba mdogo na wengine ami. Sarufi nayo humkumbusha kwamba yuko Nairobi, kwa maana kiambishi cha ngeli kimedondoka njiani na hapana mkaazi anayekitafuta. Baba mdogo ana cheo cha pekee katika ukoo. Kwa kuwa si baba mzazi, mtoto anaweza kumzoea, kumwomba nauli na hata kumweleza jambo ambalo hangethubutu kulifikisha kwa babake. Kwa kuwa si rika, mtoto hamkatizi maneno wala hamwiti kwa jina tupu. Ukaribu na ukubwa vimekaa katika cheo kimoja bila kugombana.

Suala linalozuliwa na makala haya ni kwa nini mwalimu wa mtaa huohuo, hasa mwalimu wa Kiswahili, ameshindwa kukikalia cheo hicho darasani, ilhali nje ya darasa anakikalia kila siku.

Baba Dogo ipo upande wa kaskazini mashariki mwa jiji, baina ya Ruaraka na Korogocho, na majirani zake ni Lucky Summer na Kariobangi North. Ni mtaa wa viwanda na wa nyumba za kupanga zilizosongamana. Katika ploti za Glucola na Kasabuni, mtu mzima haitwi kwa jina alilopewa na wazazi wake. Huitwa Mama Brayo au Baba Shiro, yaani hujulikana kwa mtoto aliyemzaa, na wapo majirani waliokaa mlango kwa mlango miaka kumi pasipo kuyajua majina ya kitambulisho ya wenzao. Mfumo huu wa heshima haukuletwa na shule, wala hauhitaji kiranja wa kuusimamia. Mtoto wa miaka minne huujua.

Mwalimu naye anaishi humohumo. Shule nyingi za sehemu hizi ni shule za mtaani, zile za mabati zilizoanzishwa na watu binafsi, makanisa au vikundi vya jamii, na mwalimu wake aghalabu hupanga chumba katika ploti moja na wanafunzi wake. Hutumia choo kimoja nao na hupanga mtungi wake kwenye foleni moja ya maji. Foleni hiyo ni darasa la aina yake. Mtoto humwambia mwalimu kwamba mwenye bomba amepandisha bei, humweleza kwa nini mtungi wa manjano umetangulia wa buluu, na humsahihisha akikosea kuhesabu waliotangulia. Humwita "Ticha," na wakubwa kidogo, wakiwa wenyewe kwa wenyewe, humwita "odijo." Mwalimu huitika. Hakuna anayeona kwamba amevunjiwa heshima, kwa sababu hakuvunjiwa.

Asubuhi inayofuata watu walewale hukutana chini ya paa la mabati. Mwalimu aingiapo, wote husimama kwa mkupuo na kuimba salamu ya Kiingereza kwa sauti moja ndefu. Kama kipindi ni cha Kiswahili, huimba tafsiri yake. Mwalimu huuliza, "Hamjambo?" nao hujibu, "Hatujambo, mwalimu!" kabla hajamaliza kutamka. Huamrishwa kuketi, nao hushukuru kwa kuamrishwa kuketi. Kisha somo huendelea kwa mtindo ambao kila aliyesoma Kenya anaukumbuka: mwalimu hutamka nusu ya neno na darasa humalizia nusu iliyobaki. "Mtoto anacheza, watoto wana...?" "Wanacheza!" Yule mtoto aliyemsahihisha hesabu jioni hukaa kipindi kizima bila kutoa sentensi iliyo yake. Hana hofu ya pekee. Amefundishwa tu kwamba huko ndiko kuwa na adabu.

Wapo wanaoshikilia kwamba tatizo la adabu katika mitaa ya Eastlands ni Sheng. Husema kwamba kijana aliyelelewa kwa "niaje" hawezi kujua daraja za watu, na kwamba dawa ni kumwongezea Kiswahili sanifu na ukali. Hoja hii imerudiwa katika makongamano mengi na haina mashiko. Sheng ina daraja zake. Kijana wa Baba Dogo hamwamkui mzee wa kiosk jinsi anavyomwamkua kondakta wa rika lake. Ana "buda," ana "mathee," ana "mzae," na anajua ni lipi litamletea kofi. Hata katika kuomba, mwana wa Nairobi husema "nisaidie na kalamu" pale ambapo sarufi ingetosheka na "nipe kalamu." Walimu huikosoa sentensi hiyo kwa sababu ya kile kiunganishi "na," na kwa kufanya hivyo huisahihisha sarufi na kuifuta adabu iliyokuwamo. Mzungumzaji alikuwa amelikwepa tendo la kuamrisha.

Kilichopo darasani, kwa hakika, si heshima ya Kiswahili iliyodhoofishwa na Sheng. Ni gwaride lililorithiwa kutoka shule za misheni na za serikali ya kikoloni, likavikwa maneno ya Kiswahili. Kusimama kwa pamoja, kuitika kwa pamoja na kutosema hadi kuulizwa ni mambo yaliyofaa taasisi iliyokusudia kuwapata makarani na wahudumu watiifu. Kwamba yameitwa "utamaduni wetu" kwa muda mrefu hakuyafanyi kuwa wetu.

Dalili ya jambo hili imo ndani ya vitabu vya Kiswahili vya shule za msingi. Mtoto hukaririshwa jozi za maamkuzi: sabalkheri hujibiwa aheri, alamsiki hujibiwa binuru, shikamoo hujibiwa marahaba. Hutahiniwa nazo na kupata alama zake. Hata hivyo, haingii akilini mwa mwalimu wala mwanafunzi kwamba siku hiyo, wakiagana langoni, mmoja angeweza kusema alamsiki na mwingine akaitikia binuru. Maamkuzi yamegeuka orodha ya msamiati, mithili ya majina ya makundi au viungo vya mwili wa mdudu.

Hasara ni kubwa zaidi katika "shikamoo," kwa sababu ndani ya salamu hiyo mna nadharia nzima ya daraja. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba chanzo chake ni kushika miguu, na kwa ajili hiyo wapo wanaoitazama kama mabaki ya utumwa. Wanaoitazama hivyo huishia kwenye nusu ya kwanza ya mazungumzo. Shikamoo haijakamilika mpaka mkubwa aseme marahaba. Mdogo ameinama, naye mkubwa amepokea, na kwa kupokea amekiri kwamba amemwona, kwamba mtoto huyu ni wa kwake kwa kiasi fulani na anaweza kumwendea. Mkubwa asiyeitika ndiye aliyekosa adabu. Waswahili walipomwita mkubwa jalala walikuwa na maana hii hii: ukubwa ni kuvumilia kutupiwa, yakiwemo maswali ya kipumbavu.

Isidhaniwe kwamba ng'ambo ya mpaka wa Namanga ni peponi. Nchini Tanzania, ambako mwanafunzi wa chuo kikuu humwamkua mhadhiri wake kwa shikamoo bila haya, na ambako neno "mwalimu" lilitosha kuwa cheo cha rais aliyewahi kufundisha Pugu, kanuni za elimu bado zinaruhusu viboko shuleni. Salamu peke yake haimzuii mtu kuinua fimbo. Linalodaiwa hapa ni dogo kuliko hilo: lugha ina chombo cha kumweka mdogo karibu na mkubwa bila kuwasawazisha, na shule imekitia kabatini.

Fasihi ya Kiswahili inakijua chombo hicho tangu zamani. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi wake wa mwaka 1858, alipotaka kumfunza bintiye hakumsimamisha. Alimwita asogee, ashike wino na karatasi, kisha akamwambia yaliyomo moyoni. Adabu inatajwa miongoni mwa nasaha za mwanzo kabisa, na tayari mtoto ameketi karibu. Mtu anaweza kuupinga utendi huo kwa mambo mengi, hususan utiifu anaouhimiza kwa mume, lakini namna yake ya kufunza haifanani hata chembe na somo la kumalizia silabi.

Vivyo hivyo katika ushairi. Mwanagenzi katika malumbano aliruhusiwa kumkabili malenga mbele ya hadhira, mradi ashike vina na amtaje mkubwa kwa heshima anayostahili. Bahari ilikuwa hati ya kumruhusu abishane. Na pale Euphrase Kezilahabi, akiwa na umri wa miaka 30, alipotoa *Kichomi* mwaka 1974 na kuviacha vina na mizani kabisa, wakongwe wa ushairi walimjia juu kweli kweli. Hakunyamaza, nao hawakunyamaza. Kiswahili kilifaidika kwa mzozo huo zaidi ya ambavyo kingefaidika kama kijana yule angeitikia "ndiyo, mwalimu" na kurudi kwenye mizani nane kwa nane.

Ni haki kumsikiliza mwalimu mwenyewe. Mwaka 2003, serikali ya Kenya ilipofuta karo katika shule za msingi, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Madarasa ya umma yalifurika, na katika mitaa kama Baba Dogo wazazi wengi waliishia kwenye shule za mtaani, ama kwa kukosa nafasi ama kwa kuukimbia msongamano. Miaka miwili kabla ya hapo, Tangazo la Kisheria Namba 56 la 2001 lilikuwa limefuta viboko. Katiba ya 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 zikatia msumari. Mwalimu alinyang'anywa fimbo na kuongezewa watoto karibu wakati mmoja, wala hakupewa cha kushika badala yake. Kuitika kwa pamoja ni njia ya mtu mmoja ya kuwashika watoto sitini kwa sauti. Anayemcheka hajawahi kusimama mbele yao saa nane mchana, mabati yakiwa yamechemka.

Zaidi ya hayo, mwalimu wa shule ya mtaani hulipwa kutokana na karo ya watoto anaowafundisha. Karo isipoingia, mshahara hauji. Yeye ndiye anayetumwa kusoma majina ya wanaodaiwa na kuwatoa darasani, na jioni hukutana na wazazi wa watoto hao dukani, akikopa unga kama wao. Mtu huyu hana gari, hana ofisi, na pengine hana cheti kinachotambuliwa na Tume ya Huduma za Walimu. Alicho nacho ni jina "Ticha" na ule mkupuo wa watoto kusimama. Si ajabu ang'ang'anie mkupuo huo. Kumtaka auache bila kumpa heshima nyingine mahali pake ni kumvua nguo hadharani.

Lakini kimya kina gharama nyingine, na hii haiwezi kuvumiliwa kwa hoja ya msongamano. Mtoto aliyefunzwa kwamba kumjibu mwalimu ni utovu wa adabu hana neno la kumkatalia mwalimu anayemtuma chumbani kwake baada ya masomo. Waandishi wamelisema hili mapema kuliko watunga sera. Katika *Rosa Mistika* ya Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, mkuu wa chuo cha ualimu ndiye anayemchezea msichana aliyekabidhiwa amlee. Mwaka 2010 Tume ya Huduma za Walimu ya Kenya ilitoa Waraka Namba 3 wa kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kimapenzi, miaka karibu arobaini baada ya riwaya hiyo. Waraka unamtaka anayejua aripoti. Ili aripoti, mtoto lazima awe amewahi, hata mara moja, kumwambia mtu mzima sentensi inayoanza kwa "hapana" na asipigwe.

Hapa ndipo somo la Kiswahili linapowajibika kuliko masomo mengine, kwa sababu sentensi hiyo ni suala la lugha. Silabasi ina mada iitwayo adabu na heshima. Aifunguaye kwa matumaini hukuta tasfida: mja mzito badala ya mwenye mimba, kujifungua badala ya kuzaa, kwenda haja badala ya lile neno lingine. Ni mambo mema, ila yanahusu mwili. Namna ya kumuuliza mkubwa, ya kumkosoa, ya kumkatalia, ya kumwambia hujaelewa baada ya yeye kueleza mara mbili, haimo. Mtahiniwa wa kidato cha nne katika karatasi ya pili hupata alama zake za isimujamii kwa kutaja sifa za sajili ya darasani, wakati yeye mwenyewe hajawahi kuizungumza sajili hiyo isipokuwa kwa kumalizia silabi.

Na maneno yenyewe yapo tele. "Niwie radhi, mwalimu, nilidhani..." "Samahani, naomba nirejee nyuma kidogo." "Sijakuelewa, na kosa huenda ni langu." "Hilo sitaweza, mwalimu." Kiswahili kina dhamira tegemezi inayolainisha ombi, kina "naomba," kina "hebu," kina "labda," kina kila namna ya kumfikia mkubwa bila kumgonga. Kipindi kimoja kwa juma kingetosha kuyafanyia mazoezi: mtoto amuulize mwalimu swali ambalo mwalimu hakulipanga, naye mwalimu aitike. Kwa mwalimu wa Glucola si jambo geni. Ni kuhamisha foleni ya maji kuiingiza darasani kwa dakika thelathini.

Msomaji wa jarida hili asijifariji kwamba haya ni ya shule za mabati. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu zimejaa wahitimu wa mkupuo ule, pande zote mbili za meza. Katika semina, mhadhiri hutulia na kuuliza kama kuna swali, na ukumbi mzima hutazama madaftari. Msimamizi hukaa na sura ya pili ya tasnifu mihula miwili, na mwanafunzi hupita mlangoni pake kila juma akitazama kama taa inawaka, asibishe hodi. Ndani ya idara hiyohiyo hufundishwa *Kidagaa Kimemwozea* ya marehemu Ken Walibora, riwaya ambamo msomi mwenye jina kubwa, Majisifu, anajitwalia mswada wa kijana Amani na kuutoa kama wake. Wanafunzi huuchambua uovu wa Majisifu kwa umahiri, kisha humpelekea mhadhiri makala ya kuandikwa kwa ushirikiano bila kuthubutu kuuliza jina la nani litatangulia.

Kuna kioja kingine kidogo kinachostahili kutajwa. Mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili, mzawa wa Baba Dogo au wa kwingineko, anapotaka kumwandikia msimamizi wake ujumbe, hukwama kwenye neno la kwanza. "Mpendwa Profesa" linasikika kama barua ya mapenzi, maana limetafsiriwa kutoka Kiingereza likaja na joto lisilotakiwa. "Kwako Profesa" linasikika kama hati ya mahakama. Barua za zamani za Waswahili zilikuwa na njia yao: jina na sifa za mwandikiwa, salamu ndefu, kisha "ama baada" na shida yenyewe. Njia hiyo hakuifundishwa popote. Huandika "Shikamoo Profesa," akafuta, kwa kuchelea kuonekana mtoto wa shule. Mwishowe, baada ya robo saa, mtaalamu huyu wa Kiswahili humwandikia mtaalamu mwenzake wa Kiswahili ujumbe unaoanza kwa "Dear Prof." na kuomba radhi kwa usumbufu, ilhali tangu sura ile iwasilishwe umepita muhula wa pili. Jibu likija, siku ya tatu au ya nne, huwa ni neno moja: "Noted."